Jini Hapigi Hodi

Mzee mmoja wa kanisa alituletea ofisini simu ya binti yake, imeviringishwa kwenye kitambaa kama kitu kinachoweza kuuma. Binti yuko mwaka wa pili wa kipaimara. Mama yake alimkuta usiku chini ya shuka, mwanga ukimmulika usoni, akadhani anaandikiana na mvulana. Kumbe ilikuwa simulizi. Sehemu ya 40. Humo jini wa kiume atokaye baharini amempenda msichana wa kidato cha nne. Anaingia chumbani mwake saa nane za usiku bila mlango kufunguliwa, anakaa ukingoni mwa kitanda, anamtazama amelala. Shuka linaanza kuteleza lenyewe. Hapo mwandishi anakata: anayetaka sehemu ya 41 atume shilingi 500 kwa namba iliyo hapo chini.

Mzee alikuwa na swali moja, nalo lilipelekwa kwenye Baraza la Wazee la usharika: hizi hadithi ni chafu kiasi gani? Tulilijadili kwa saa mbili na nusu. Mmoja alisema kushikana mikono na kubusiana si neno, mradi wasifike kitandani. Mwingine akasema kubusiana ndio mlango wa kitanda. Mama mmoja, mwenye steshenari karibu na stendi, akatueleza kwamba wanakwaya (hakusema kwaya ipi, na kila mwenyekiti wa kwaya akatazama chini) huja kwake kuchapisha simulizi nzima ili waendelee kusoma bando likiisha. Mwishowe likatoka azimio: vijana wa kipaimara wasije na simu, na itangazwe ibadani kwamba kusoma chombezo ni kuvunja Amri ya Sita. Sahihi yetu imo katika muhtasari wa kikao hicho.

Leo tunaandika kulipinga azimio tulilolitia sahihi. Ukali wake hautusumbui. Kinachotusumbua ni kwamba tumepima kitu kwa kipimo kisicho chake, kama mtu anayepima maziwa kwa futi kamba. Luther anapoeleza Amri ya Sita katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 anaanza na usafi wa maneno na matendo, kisha hapo hapo anafika kwa mume na mke, kila mmoja ampende na kumheshimu mwenzake. Watoto wetu wanayakariri hayo yote mawili. Baraza lilikumbuka la kwanza tu.

Swali hili la kiasi si letu peke yetu. Marekani na Uingereza, ambako hadithi za mapenzi kati ya binadamu na viumbe wasio binadamu ni biashara kubwa, wasomaji huzipa alama za pilipili. Pilipili moja, hadithi ni ya upole. Tano, usiisome ndani ya daladala mtu akiwa nyuma yako. Waandishi hulaumiwa kwa kuweka nyingi, na hulaumiwa kwa kuweka chache. Laurell K. Hamilton wa Marekani alianza mwaka 1993 mfululizo wa vitabu kuhusu Anita Blake, mwanamke anayewinda wanyonya damu. Katika vitabu vya mwanzo mwanamke huyo ana msimamo. Mnyonya damu anamtaka, naye anamkatalia, na utamu wa hadithi unakaa katika kukataa huko. Mwaka 2001, katika kitabu kiitwacho Narcissus in Chains, mwandishi akamtia mwilini nguvu ya ajabu yenye njaa, ambayo ni lazima ilishwe kwa tamaa ya mwili, atake asitake. Tangu hapo wasomaji wake wamegawanyika. Wako wanaosema pilipili zimezidi, na wako wanaosema ndipo hadithi iliponoga. Ubishi wa miaka zaidi ya 20, na sehemu kubwa yake ni kuhesabu vitanda. Sisi tungewauliza jambo jingine: ile hapana yake ilikwenda wapi? Mwanamke aliyekuwa akichagua amegeuzwa mtu anayesukumwa, na msomaji anaambiwa huko kusukumwa ndiko mahaba.

Upande wa pili yupo Stephenie Meyer, muumini wa kanisa la Wamormoni, ambaye kitabu chake Twilight kilitoka mwaka 2005. Mfululizo wake umeuza nakala zaidi ya milioni 100, na filamu zake zilifika hadi kwenye vibanda vya CD vya huku kwetu. Kwa kipimo cha Baraza letu Meyer anapita bila kuulizwa swali. Edward, mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901 na mwenye sura ya mvulana wa miaka 17, anakataa kulala na Bella mpaka wafunge ndoa, na ndoa inafungwa kweli katika kitabu cha nne. Mzazi Mkristo anashusha pumzi. Basi na asome tena polepole. Huyo Edward msafi huingia chumbani kwa Bella usiku baada ya usiku kumtazama akilala, na Bella hajui. Katika kitabu cha tatu anang'oa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona rafiki ambaye Edward hamtaki. Baada ya usiku wa kwanza wa ndoa Bella anaamka na michubuko mwilini, na ni yeye aliyeumizwa anayembembeleza mume asijisikie vibaya. Pilipili hapo ni karibu sifuri. Kisha mama mmoja wa Uingereza, E. L. James, ambaye alianza kwa kuandika simulizi za kuiga Twilight kwenye intaneti, akaigeuza simulizi yake kuwa Fifty Shades of Grey, mwaka 2011. Mnyonya damu katolewa, kaingizwa tajiri mwenye viboko. Watu walishangaa jinsi hadithi ya upole ilivyozaa ile. Sisi hatushangai. Aliyeandaliwa kuona kwamba kutazamwa usingizini ni kupendwa amekwisha kusafiri sehemu kubwa ya njia.

Zamani hata zimwi lilikuwa na adabu. Dracula wa Bram Stoker, katika kitabu cha mwaka 1897, hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mtu wa humo ndani amkaribishe. Waandishi wa sasa wa mapenzi wengi wameitupa sheria hiyo kwa kuwa inachelewesha hadithi.

Nasi hatukuhitaji kitabu cha Kiingereza kutufundisha hilo. Kwetu mtu hupiga hodi. Hata kama mwenyeji ni ndugu wa tumbo moja, hata kama mlango ni pazia la khanga, anayekuja husimama nje, akasema hodi, akangoja karibu. Hodi ya tatu isipojibiwa anaondoka, naye haoni aibu kuondoka. Anayeingia bila kujibiwa tunamwita mwizi, na mtaa mzima hutoka na fimbo. Ajabu ni kwamba mtu yuleyule ambaye angepiga yowe kwa mgeni kuingia sebuleni bila hodi, akisoma jini kaingia kitandani bila hodi, anatuma shilingi 500.

Tunamsema msomaji, lakini na sisi tumo. Sehemu zote 40 tulizisoma, eti kwa ajili ya uchunguzi wa kichungaji, na usiku ule ya 41 tuliitamani.

Kwa hiyo tuliona tusiwahukumu wasomaji bila kuwasikia. Katika semina ya vijana na wanawake tulipitisha kapu la sadaka likiwa tupu, tukaomba kila mtu aandike kwenye kikaratasi, bila jina: unaposoma simulizi za majini unatafuta nini? Wachache waliandika wazi kwamba wanatafuta mahaba, na mmoja akaongeza kwamba wachungaji wasijifanye hawajui. Tunamshukuru kwa ukweli wake. Karatasi nyingi zilisema mengine. Mmoja aliandika kwamba jini anajua amechoka kabla hajasema. Mwingine, kwamba mume akirudi anauliza chakula kiko wapi, jini akija anauliza umelilia nini. Mwingine, kwamba jini hamsimangi mtu kwa mahari aliyotoa. Mwandiko wa kiume, ulioinama kushoto, ulisema kwamba jini wa kike hampimi mwanamume kwa kazi aliyonayo. Karatasi moja ilikuwa na neno moja tu: ananiona. Wazee waliogopa kwamba dada zetu wanataka moto mwingi. Kapu lilisema wanataka kuulizwa wameshindaje.

Tuliporudi na kapu hilo nyumbani tulikaa kimya kwenye meza ya chakula. Mama Mchungaji alitutazama akauliza kulikoni. Hapo tukagundua kwamba siku ile nzima sisi hatukuwa tumemwuliza yeye.

Lakini humo humo katika kuonwa ndimo mtego ulimo, na hapa tunagombana na wasomaji wetu wapendwa. Jini wa hadithi anajua moyo wako bila kuambiwa. Inasikika tamu. Sasa ufuate utamu huo hadi mwisho wake. Anayejua moyo wako bila kuuliza hana haja ya kukuuliza jambo lolote, hata lile la mwisho. Ndiyo maana hadithi zile hazina haja ya hodi: mpenzi amekwisha kujua kwamba unataka, na ukisema hutaki, anajua kuliko wewe. Binadamu akijifanya ana elimu hiyo tunamshitaki. Mume wa kweli, yule anayerudi na jasho na kuuliza chakula, ana upungufu mmoja ambao ni neema tupu: hajui. Ni lazima aambiwe. Ni lazima aulize, akosee, aulize tena. Humo ndimo upendo wa watu wawili unamoishi, na ni kazi, na mara nyingi inachosha, na hakuna mwandishi anayeweza kuikata vizuri pale kwenye sehemu ya 40.

Na Kanisa? Kanisa lina kitabu kizima juu ya jambo hili na limekifunga. Tangu tulipobarikiwa kuwa mchungaji tumehubiri kutoka Wimbo Ulio Bora mara tatu, zote katika ndoa, na zote tukiruka sura ya 5. Tuisome leo. Mpenzi anakuja usiku. Yuko nje, nywele zimelowa umande, anabisha mlangoni na kumwita. Mwanamke yuko kitandani, amekwisha kuvua kanzu na kuosha miguu, anaona uvivu kuamka. Mkono wa mwanamume unafika kwenye tundu la mlango, na moyo wa mwanamke unashtuka kwa ajili yake. Hayo yote ni mwili, wapendwa, mwili mtupu, manemane inadondoka vidoleni, na yamo katika Biblia mnayoibeba kwapani. Lakini mlango haubomolewi. Mwanamke anapofungua, mpenzi amekwisha kuondoka, na sasa ni zamu ya mwanamke kumtafuta mjini. Kwa alama za pilipili Wimbo Ulio Bora unaweza kushinda simulizi nyingi za simu. Kwa kipimo cha hodi hakuna kinachoufikia. Ukumbuke pia kwamba katika kitabu hicho mwanamke ndiye anayeanza kusema, sura ya 1, na yeye ndiye anayetaja anachokitaka.

Ulinganishe na Mwanzo 6, ambako wana wa Mungu wanawaona binti za wanadamu kuwa wazuri, wanajitwalia wake wowote wanaowachagua. Binti hawasemi neno. Mstari mmoja tu, nao ndio hadithi yote ya jini na msichana wa kidato cha nne. Kinachofuata katika sura hiyo ni Gharika.

Tunaomba pia ruhusa ya kwenda kwenye kitabu ambacho hakimo katika Biblia ya Muungano tunayosoma ibadani, ila ndugu zetu Wakatoliki wanacho, na Luther alikiweka katika Biblia yake ya mwaka 1534 kati ya vile visivyolingana na Maandiko Matakatifu lakini vinavyofaa kusomwa. Ni kitabu cha Tobiti. Sara binti Ragueli, wa Ekbatana, ameolewa mara saba, na kila mara pepo Asmodeo amemwua bwana harusi usiku wa kwanza. Baadhi ya nakala za Kigiriki zinasema wazi kwamba pepo huyo alimpenda. Basi hicho ndicho chombezo cha kale kabisa tunachokijua, nacho kinaanza mahali ambapo simulizi zetu hazithubutu kufika: mjakazi wa nyumba ya baba yake anamsimanga Sara kwamba ni yeye anayewaua waume zake. Sara anapanda chumba cha juu kujinyonga. Anajizuia kwa kumhurumia baba yake, anaomba. Hakuna anayemwuliza kama alimtaka huyo pepo. Watu wanachojua ni kwamba mwanamke yule ana kitu.

Tunaijua lugha hiyo. Ana kitu. Ana jini mahaba. Imani hii ina mizizi mirefu pwani, filamu za Nigeria zilituongezea mume wa rohoni, na sasa iko katika kila mkutano wa maombezi, pamoja na mikutano yetu ya Kilutheri ambayo zamani ilijulikana kwa utulivu. Hatusemi kwamba hakuna pepo. Tunasema jambo linalotuuma zaidi kulisema.

Alikuwapo dada mmoja katika usharika tuliohudumu zamani. Aliolewa, akajifungua mtoto wa kwanza, na baada ya hapo akawa anamkataa mume. Mwaka mzima. Mama mkwe akasema ni jini mahaba, kwa kuwa aliwahi kumsikia akilia usingizini. Wakamleta kwenye maombezi Alhamisi tatu mfululizo. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliomwekea mikono. Tuliamuru kwa sauti jini yule amwachie mke wa mtu. Dada akaanguka, watu wakashangilia, mume akaambiwa sasa ni salama, mrudishe nyumbani. Yale yaliyotokea usiku ule nyumbani hatuna ujasiri wa kuyaandika katika kitabu cha Kanisa. Miezi mingi baadaye muuguzi mmoja, mshirika wetu, akamshika mkono akampeleka hospitali. Alikuwa ameshonwa vibaya baada ya kujifungua, kidonda kikaoza ndani, kovu likabana. Alitibiwa, akapona. Alikuja kutuaga alipohamia kwa dada yake, na alichotuambia ni hiki tu: "Mchungaji, hakuna aliyeniuliza kama inauma."

Hiyo ndiyo sababu ya ukali wa maandishi haya, na asiyeupenda atuwie radhi. Simulizi ya simu inasema mwanamke akitembelewa usiku bila kuulizwa, hayo ni mahaba. Maombezi yetu yalisema mwanamke akikataa, si yeye anayekataa, ni jini. Tofauti iko wapi? Moja inauzwa shilingi 500, nyingine tulichanga sadaka. Kote kuwili hapana ya mwanamke imenyang'anywa akapewa kiumbe asiyeonekana, na kote kuwili hakuna aliyepiga hodi. Baraza linaweza kukaa usiku kucha likihesabu mabusu, na dada yule hatasaidika hata kidogo, kwa kuwa katika maombi yale hakukuwa na busu hata moja.

Watumishi wa maombezi wamekwisha kutuambia kwamba tunapunguza imani ya watu. Tunawajibu: hakuna pepo anayetoroka kwa kuwa mgonjwa aliulizwa kwanza anaumwa wapi. Yesu mwenyewe, mwenye mamlaka kuliko sisi sote, alimwuliza kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini, na upofu wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Ni yeye huyohuyo anayejieleza katika Ufunuo 3:20 kuwa amesimama mlangoni anabisha. Bwana wa mbingu na nchi anangoja afunguliwe. Mtumishi wake anaingia kwa kelele.

Wako wanaosema hizi ni hadithi tu, mtu mzima anajua jini hayupo. Hoja hii tunaiheshimu nusu. Mtu mzima anajua jini hayupo, ndiyo. Kile asichokijua ni jinsi anavyozoea. Kijana anayesoma sehemu 40 za kutazamwa usingizini hatakuja kumwogopa jini; tatizo ni kwamba hatamwogopa mvulana anayemvizia kwenye kona ya shule, anayetaka neno la siri la simu yake, anayesema nakujua kuliko unavyojijua. Tayari anayo lugha ya kumsifia.

Na kwa waandishi, ambao wengine wao ni waumini na tunawajua: hatuwaombi mfanye hadithi baridi. Andikeni moto. Mwili ni kazi ya Mungu, naye Luther alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, mtawa wa zamani na mtawa wa zamani, hakumficha mtu furaha yake. Tunachowaomba ni mlango. Mwacheni jini asimame nje sehemu tatu nzima akipiga hodi, na msichana ndani akifikiri. Mnaogopa wasomaji watakimbia? Kapu letu linasema watakaa. Watu waliolipia kuonwa watalipia zaidi kuulizwa.

Tukirudi kwa Baraza: tumewahi kupiga marufuku. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, na kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo kikapigwa marufuku shuleni. Baadaye kikawa kitabu cha kusomwa na wanafunzi, na baadhi ya wazee waliopiga kura ya azimio letu walikifanyia mtihani. Kinaanza na nini? Baba mkali, barua ya mvulana, na binti anayechapwa kwa ajili ya barua hiyo. Baba Zakaria hakumwuliza Rosa neno la maana. Alikuwa na swali la kiasi, akalijibu kwa fimbo, na binti akaenda kujifunza mwili wake kwa watu wasiompenda. Kezilahabi ana mahaba mengi kuliko simulizi ile ya simu, lakini kila kitanda katika kitabu chake kina asubuhi yake. Mtu anaamka, analipa. Jini hana asubuhi. Tungependa vijana wa kipaimara wakisome, na tungependa azimio letu lirudi mezani, na tungependa saa mbili za kila semina ya ndoa apewe yule muuguzi, sisi wachungaji tukiwa tumekaa nyuma na daftari.

Simu tulimrudishia binti sisi wenyewe, baba yake akiwapo. Hatukumhubiria. Tulimwuliza tu, yule msichana wa kidato cha nne, jini alipoingia, je, alitaka aingie? Alifikiri kwa muda mrefu, akizungusha simu mikononi. Akasema mwandishi hajasema. Kisha akasema, "Lakini alikuwa amelala, Mchungaji." Baba yake akakohoa, akatazama dirishani. Binti akaweka simu mfukoni, akafika mlangoni, akageuka kutuuliza kama sisi tumeshaipata ya 41.